Kuchagua bateri nzuri kwa ajili ya ibada: mashauri kutoka Kindu



Makusanyiko mengi ya mashariki yanachanga pesa kwa ajili ya kununua bateri, yaani ile seti ya ngoma na matoazi ambayo mtu mmoja huipiga kwa mikono na miguu. Vijana wanaitamani, kwaya zinaiomba, na kamati za vyombo zinaonyeshwa picha kwenye simu kila mara. Swali linalotufikia ni lile lile: bateri ipi ni nzuri? Tumeandika makala hii ili wachungaji, wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya wawe na jibu mkononi kabla sadaka ya watu haijatumika.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: bateri nzuri ni ile inayofaa nyumba yenu na kuwasaidia watu wenu kuimba. Sauti za watu zikizimwa, bateri hiyo si nzuri kwenu, hata kama ni ya bei kubwa na inang'aa kama kioo.

Kosa letu wenyewe

Tuanze na kosa letu, maana tulilipa gharama yake. Kusanyiko letu lilichanga kwa muda wa miaka miwili. Akina mama walitoa sehemu ya mauzo ya mchele na mawese. Vijana walibeba mchanga na matofali ili wapate cha kutoa. Pesa zilipotimia, tulinunua kwa kuangalia picha tu, kutoka kwa muuzaji wa mji mwingine. Hatukuuliza ukubwa wa ngoma. Hatukuuliza matoazi yametengenezwa kwa kitu gani. Tuliuliza rangi.

Ilipofika tulimshukuru Mungu, tukaifunga karibu na madhabahu. Nyumba yetu ni ya matofali na mabati, inachukua watu karibu 150. Jumapili ile ya kwanza hatukusikia neno hata moja la wimbo wa akina mama. Walikuwa wakiimba, midomo ilionekana ikifunguka, lakini sauti haikufika hata benchi la pili. Baada ya mwezi mzee wetu mmoja, aliyekuwa kati ya waanzilishi wa kusanyiko, alianza kuhamisha kiti chake nje, chini ya mwembe. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba huko nje anasikia mahubiri vizuri zaidi. Kabla ya mwaka kwisha, toazi kubwa lilipasuka na pedali ikavunjika.

Ndipo tulipoanza kujifunza yale ambayo tungepaswa kujifunza kabla ya kununua. Tunawapa hapa yote tuliyoyapata.

Ngoma si mgeni kwetu

Wengine wanadhani bateri ni chombo cha wazungu, na wengine wanadhani ngoma yoyote kanisani ni anasa. Tukumbuke kwamba Zaburi ya 150 inataja matari na matoazi pamoja na zeze na kinubi. Na sisi wa bonde la Kongo tulikuwa na ngoma zinazosema maneno kabla ya simu kufika. Mto huu unaopita Kindu, ukishapita Kisangani, unafika Yakusu, kituo cha misheni ya Wabaptisti wa Uingereza. Huko mmisionari John Carrington alijifunza lugha ya ngoma ya mti yenye mpasuko, akatoa kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma ile ina sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata namna maneno yenyewe yanavyopanda na kushuka mdomoni. Kwa sababu maneno mengi yanafanana kwa sauti, mpigaji hutumia sentensi ndefu ili msikilizaji asikosee.

Jambo hilo linatufundisha: wazee wetu walipiga ngoma ili neno lifike mbali. Bateri kanisani ipimwe kwa kipimo hicho hicho.

Bateri yenyewe, jinsi tunavyoijua, ilikua Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo kwanza kila ngoma ilikuwa na mtu wake. Pedali ya mguu, ambayo familia ya Ludwig ya Chicago ilianza kuiuza mwaka 1909, ilimwezesha mtu mmoja kupiga ngoma kubwa kwa mguu huku mikono ikipiga nyingine. Hivyo, bateri ni watu wanne waliowekwa katika kiti kimoja. Asiyejua kujizuia atapiga kama watu wanne.

Sikilizeni nyumba yenu kwanza

Kabla ya kuangalia picha yoyote, fanyeni jaribio dogo. Ingieni kanisani wakati hakuna mtu, simameni mahali ambapo bateri itakaa, mpige kofi moja kali. Sauti ikikatika mara moja, nyumba yenu ni kavu. Nyumba za udongo na paa la majani huwa hivi, kwa maana udongo na majani hunywa sauti. Kofi likirudi na kulia tena juu ya vichwa vyenu, nyumba yenu inarudisha sauti. Matofali yaliyopigwa saruji, sakafu ya saruji na mabati yasiyo na dari hufanya hivyo.

Nyumba inayorudisha sauti inataka ngoma ndogo, matoazi membamba na mpigaji mpole. Nyumba kavu inaweza kuvumilia ngoma kubwa zaidi. Kumbukeni pia kwamba miili ya watu na nguo zao hunywa sauti. Bateri iliyojaribiwa siku ya mazoezi, mkiwa watu kumi, itasikika kwa ukali kuliko Jumapili nyumba ikijaa. Kwa hiyo msiamue kwa mazoezi peke yake.

Shauri kubwa kuliko yote ni hili: azimeni kabla ya kununua. Sisi hatimaye tuliazima bateri ndogo kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli. Tuliivusha kwa mtumbwi, tukaitumia Jumapili mbili, tukairudisha. Gharama ilikuwa nauli ya mtumbwi tu, nayo ilitufundisha kuliko picha zote.

Sauti yenu ni ipi?

Jiulizeni kwamba kwaya yenu inaimba nini zaidi. Kama ni nyimbo za kitabu, zenye mwendo wa taratibu, mnahitaji ngoma ya mguu yenye sauti laini, na toazi la kuongozea lisilovuma sana. Kama ni sifa za mwendo wa rumba na sebene, mnahitaji ngoma ya nyuzi iliyokazwa vizuri na matoazi ya mguu yanayokata sauti safi, kwa sababu mwendo wote umekaa hapo.

Tusione haya kukubali kwamba mdundo huu wa mwisho kwaya zetu ziliupata katika muziki wa nchi yetu. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2021. Mdundo wa haraka uitwao cavacha ulienea katika miaka ya 1970 kupitia kundi la Zaïko Langa Langa la Kinshasa na mpigaji wake Meridjo Belobi. Husimuliwa kwamba alipata wazo lake kwa kusikiliza magurudumu ya gari moshi. Sisi wa Kindu, tuliokua karibu na reli, tunaelewa vizuri. Mdundo huo hautaki ngoma nyingi. Unataka ngoma ya nyuzi moja nzuri, matoazi ya mguu, na ngoma ya mguu. Anayewaambia kwamba mnahitaji ngoma saba ili kupiga sebene hawasaidii.

Vipande vya bateri

Bateri ya kawaida ina ngoma nne au tano na matoazi matatu:

- Ngoma ya mguu, iliyo kubwa kuliko zote, hulala kwa ubavu na kupigwa kwa pedali.
- Ngoma ya nyuzi ina nyuzi za chuma chini yake zinazotoa mlio mkali. Ndiyo uso wa bateri.
- Ngoma za kati ni moja au mbili, na hufungwa juu ya ngoma ya mguu.
- Ngoma ya sakafuni husimama kwa miguu yake mitatu.
- Matoazi ya mguu ni mawili yanayogongana, yanayoitwa charle na wapigaji wetu wanaofuata Kifaransa.
- Toazi la kuongozea ni pana, hushika mwendo wa wimbo.
- Toazi la mshindo hupigwa mara chache, wimbo unapobadilika.

Muuzaji akisema "bateri kamili", mwombeni ataje vipande hivi kimoja kimoja. Mara nyingi bei iliyotangazwa ni ya ngoma tupu, bila matoazi, bila stendi na bila kiti.

Ukubwa wa ngoma

Ngoma hupimwa kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Kipimo kinachotajwa ni upana wa uso. Ngoma ikiwa pana, sauti yake ni ya chini zaidi na hujaza nyumba zaidi. Kuna mipango mitatu ambayo mtaikuta:

- Mpango mkubwa: ngoma ya mguu inchi 22, za kati 12 na 13, ya sakafuni 16. Unafaa mikutano ya nje na makanisa makubwa.
- Mpango wa katikati: ngoma ya mguu inchi 20 au 22, za kati 10 na 12, ya sakafuni 14. Unafaa makanisa mengi.
- Mpango mdogo: ngoma ya mguu inchi 18, ya kati 12, ya sakafuni 14. Unafaa nyumba ndogo zenye mwangwi.

Ngoma ya nyuzi kwa kawaida ni inchi 14 katika mipango yote. Tofauti iko katika kina chake. Yenye kina cha inchi 5 hujibu haraka na kwa ukali. Yenye inchi 6 na nusu ina sauti nzito zaidi.

Kwa nyumba ya mabati inayochukua watu 150 kama yetu, tunashauri ngoma ya mguu ya inchi 18 au 20. Sisi tulinunua 22. Ngoma ndogo iliyokazwa vizuri inaweza kusikika nzito. Ngoma kubwa katika nyumba ndogo ni vigumu kuinyamazisha.

Mzinga na mbao

Mzinga ni ule mwili wa ngoma. Mizinga mingi ya siku hizi ni tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Kwenye karatasi za muuzaji mtaona majina ya miti kwa Kifaransa. "Peuplier" ni ya bei nafuu, na sauti yake ni laini. "Bouleau" ina mshindo mkali na sauti fupi, inayofaa mahali penye mikro. "Érable" ina sauti ya joto na ya chini, nayo huwa ya bei ya juu.

Lakini msidanganywe na jina la mti. Lililo muhimu zaidi ni ukingo wa mzinga, pale ngozi inapokaa. Vueni ngozi, wekeni mzinga juu ya meza iliyonyooka, mmulike kwa tochi ndani. Mwanga ukipenya chini ya ukingo, mzinga umepinda au ukingo una meno, na ngoma hiyo haitakaa katika sauti hata mkiikaza mara ngapi. Tazameni pia kama tabaka za mbao zimeanza kuachana. Kindu iko karibu na mstari wa ikweta, unyevu ni mwingi, na gundi dhaifu haivumilii.

Chombo kilichotumika si kibaya. Bateri ya zamani ya kampuni inayojulikana, kama Yamaha, Pearl, Tama au Mapex, ikiwa na mizinga mizima, inaweza kuwa bora kuliko mpya isiyo na jina. Vipuri vyake pia hupatikana kwa urahisi zaidi.

Ngozi na kukaza

Hapa ndipo tulipookoa bateri yetu. Tangu miaka ya 1950 ngozi za bateri ni za plastiki. Kampuni ya Remo ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1957. Zina faida kwetu, kwa maana ngozi ya mnyama hulegea mvua ikinyesha na hukaza juani, ndiyo sababu wapigaji wa ngoma za asili huziota motoni. Plastiki haibadiliki hivyo.

Ngozi ya tabaka moja hulia kwa muda mrefu na kwa uwazi. Ngozi ya tabaka mbili ina sauti fupi, nzito, na hudumu zaidi. Kwa nyumba ya mwangwi tunashauri tabaka mbili kwa ngoma za kati na ya sakafuni. Ngozi yenye rangi nyeupe ya kukwaruza hupunguza ukali kidogo. Bateri nyingi za bei ya chini huja na ngozi mbovu kutoka kiwandani. Kwa hiyo wekeni akiba ya ngozi mpya katika hesabu ya kwanza.

Kukaza ni kazi ya subira. Kaza skrubu zote kwa vidole hadi ziguse. Kisha tumia ufunguo wa ngoma, nusu mzunguko kila skrubu, ukivuka kutoka upande mmoja kwenda ule ulio mkabala nao. Usifuate duara, maana ngozi itavutwa upande mmoja. Gonga kwa kidole karibu na kila skrubu. Sauti zote zikifanana, ngoma imekaa. Tulipofanya hivi kwa mara ya kwanza, na kuweka blanketi iliyokunjwa ndani ya ngoma ya mguu, watu waliuliza kama tumenunua bateri nyingine.

Matoazi

Kama pesa ni kidogo, punguzeni idadi ya ngoma, msipunguze ubora wa matoazi. Ngoma mbaya inaweza kusaidiwa kwa ngozi mpya na kukazwa. Toazi baya haliponi.

Aina za madini ni tatu. Matoazi ya bei ya chini kabisa ni ya shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Rangi yake ni ya njano, sauti yake ni kama sufuria, na hupinda au kupasuka upesi. Hayo ndiyo tuliyonunua. Ya pili ni shaba nyekundu asilimia 92 na bati asilimia 8. Sauti yake ni kali na ya wazi, yanatosha kwa kuanzia. Ya tatu ni shaba asilimia 80 na bati asilimia 20. Hayo yana sauti pana na tamu, ndiyo yanayotumiwa katika matoazi mengi ya hali ya juu. Familia ya Zildjian ilianza kuyafua huko Istanbul mwaka 1623, na jina lao lingalipo hadi leo.

Fikirini jambo hili: bati hilo hutokana na kasiterite, ile inayochimbwa Kalima na Punia katika Maniema yetu, na shaba ni ile inayochimbwa Katanga. Madini ya toazi zuri yako chini ya miguu yetu, ila yanaturudia yakiwa yamefuliwa mbali na kwa bei ya mbali. Basi tujue kuyatofautisha tunapoyalipia.

Kwa kanisa la kawaida yanatosha matoazi ya mguu ya inchi 14, toazi la mshindo la inchi 16 lililo jembamba, na la kuongozea la inchi 20. Toazi jembamba hujibu kwa kuguswa kidogo. Nene hutaka kupigwa kwa nguvu. Ukinunua lililotumika, pitisha kidole ukingoni na kwenye tundu la katikati. Ufa mdogo ukiuona, liache, maana ufa hukua. Na mkishalifunga, msikaze nati mpaka toazi lisitikisike. Letu lilipasuka kwa sababu lilibanwa, tena lilipigwa kwa pembeni moja kwa moja badala ya kupigwa kwa mshazari.

Pedali, stendi na kiti

Hivi havionekani kwenye picha, na ndivyo huvunjika kwanza. Bonyeza pedali kwa mkono: irudi bila kelele na bila kuyumba. Stendi ziwe na miguu ya chuma cha pande mbili kama mtafanya mikutano ya nje. Kiti kiwe imara na kipande na kushuka. Mpigaji anayekaa kwenye kiti cha plastiki kisicho na kimo chake ataumia mgongo. Vyuma vyote vifutwe kwa kitambaa kikavu na mafuta kidogo kila mwezi, maana kutu ya huku haichelewi.

Bateri ya umeme

Wengine wanauliza juu ya bateri ya umeme, yenye pedi za mpira. Faida yake ni kwamba sauti hupunguzwa kwa kitufe, na mpigaji anaweza kujizoeza usiku bila kuwaamsha majirani. Hasara yake ni kwamba bila umeme haisikiki, na hata ukiwepo inahitaji spika nzuri. Kusanyiko linalotegemea jenereta ya kuazima lifikiri mara mbili. Pia ikiharibika, fundi wake si rahisi kupatikana, lakini fundi wa mbao na wa kuchomelea wapo kila mtaa.

Njia ya kufika

Mizigo yetu huja kwa ndege, kwa mto kutoka Ubundu, au kwa reli inayopitia Kongolo. Kila njia ina bei na mashaka yake. Mwombeni muuzaji avue ngozi na kuingiza ngoma moja ndani ya nyingine: ya 12 ndani ya 14, na ya 14 ndani ya 20, nguo kati yake. Mzigo unakuwa mmoja badala ya mitatu. Matoazi yafungwe peke yake, bapa, katikati ya mbao mbili. Skrubu zote ziwekwe kwenye kopo moja lililofungwa na kuhesabiwa mbele ya mashahidi.

Wasio na uwezo wa bateri

Hakuna kusanyiko linalopungukiwa mbele za Mungu kwa kukosa bateri. Tumba mbili na kayamba hubeba wimbo vizuri. Fundi wa mbao anaweza kutengeneza kajoni, sanduku la kupigwa kwa mikono lililotoka Peru. Ni sanduku la sentimita 30 kwa 30, urefu karibu 48, lenye uso wa mbao nyembamba ya tabaka na tundu nyuma. Mpigaji hulikalia. Ndani ya nyumba ya watu 60 linatosha kabisa. Na ngoma ya mti ya wazee wetu bado inaweza kuita watu ibadani pasipo kengele.

Masikio ya watoto

Hili tunaliomba kwa moyo wote. Wataalamu wa afya ya kazi wanasema sauti ya desibeli 85 inavumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Desibeli 100 ni dakika 15 tu. Bateri inayopigwa kwa nguvu ndani ya nyumba ndogo huweza kupita hapo, nasi tuna desturi ya kukalisha watoto mbele kabisa, karibu na ngoma. Wahamisheni watoto. Mpeni mpigaji vizibo vya masikio. Badala ya fimbo nene, mnunulieni vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja kama ufagio. Ni nafuu, na hupunguza sauti sana. Masikio yaliyokufa kwa kelele hayaponi.

Maswali kumi ya kamati

1. Nyumba yetu inarudisha sauti au inainywa?
2. Tunaimba nini zaidi?
3. Tumeazima na kujaribu watu wakiwa wamejaa?
4. Ngoma ya mguu ni inchi ngapi?
5. Bei inahusu vipande vipi?
6. Matoazi ni ya madini gani?
7. Nani amekagua kingo za mizinga?
8. Tumeweka akiba ya ngozi, vijiti na nyuzi?
9. Nani atatunza ufunguo na kuweka daftari la chombo?
10. Wazee na akina mama wameulizwa?

Swali la kumi sisi hatukuliuliza. Lingekuwa la kwanza.

Hatukuweza kununua bateri nyingine. Tulibadili ngozi, tukaweka blanketi, tukaondoa ngoma moja ya kati, tukanunua toazi moja zuri badala ya mawili mabaya, tukaisogeza bateri kutoka madhabahuni hadi pembeni. Kijana wetu anayepiga amejifunza kunyamaza kabisa katika ubeti wa kwanza, ili akina mama waanze wenyewe. Yeye mwenyewe alituambia kwamba ndilo jambo gumu kuliko yote aliyojifunza. Yule mzee amerudi ndani. Anakaa benchi la tatu, upande wa dirisha.

Bwana awape hekima katika kuchagua, na uaminifu katika kutunza kile ambacho watu wake wametoa. Amina.